PCSK9 ni mdudu gani? Dada yangu anachomwa sindano ya kuizuia na mimi karatasi yangu imetoka na H nyekundu

Mtoto wa Makorora:
Wakuu habari za jioni. Naomba kueleweshwa maana nimegugo mpaka kichwa kinagonga, kila nikifungua naletewa michoro ya mishale tu.

Iko hivi. Mimi ni mwembamba, kilo 61, naenda kazini na baiskeli, chipsi sili kivile. Mwezi uliopita tulipimwa kazini, ile ya bure ya kila mwaka, karatasi ikatoka kolesteroli jumla 7.8 na LDL 6.0, pembeni kuna herufi H wamepiga kwa wino mwekundu. Daktari kanitazama juu mpaka chini kaniuliza unakula nini wewe. Nikamwambia ugali na dagaa. Naona hakuniamini, kaandika nipunguze mafuta nirudi baada ya miezi 3.

Nikampigia dada yangu yuko Houston, yeye ndo kanishtua. Kumbe na yeye anayo miaka yote hiyo, kakaa kimya tu, anameza vidonge na sasa wamemuongezea sindano kila wiki 2 ya kuzuia kitu kinaitwa PCSK9. Anasema ni protini, tena ya mwilini mwetu wenyewe, sio ya mdudu wala kirusi. Hapo ndo nilipokwama. Protini si ndo tunaambiwa tule? Inakuaje mtu analipa hela izuiwe protini aliyozaliwa nayo? Na yake kabla ya sindano LDL ilikuwa 240, yangu 6.0, sasa mie nina nafuu au?

Naongeza na hili maana usiku silali. Mzee wetu alifariki na miaka 44. Alikuwa anafunga mzigo kwenye baiskeli, akakaa chini kidogo kama mtu anayepumzika, ndo ikawa basi. Ikasemwa karogwa na jirani yake wa sokoni, na zile familia mbili mpaka leo hazizikani.

Kibatari:
Pole sana kwa mzee mkuu. Mie naweka kambi hapa, wajuzi wanakuja.

Tabibu Mtaa:
Acha kujitisha kijana. Kitunguu saumu punje 3, limau nzima na maganda yake, unga wa mlonge kijiko, asubuhi kabla hujala chochote, siku 21. Hayo ma PCSK ni biashara za watu.

Pipeti:
Mlonge kula mkuu ni mboga nzuri, hata mimi nyumbani ninao. Ila LDL ya 6.0 kwa mtu wa kilo 61 anayekula dagaa haishuki kwa limau.

Mimi niko maabara mwaka wa 11 huu, hizo H, yaani iko juu, nazipiga mwenyewe kila siku, so ngoja nijaribu.

Kwanza hesabu. Houston wanaandika miligramu kwa desilita, sisi huku milimoli kwa lita. Ya huku ukiizidisha mara 38.67 unapata ya kwao. 6.0 yako inakuja 232. Dada ako 240. Yaani hamjaachana.

Pili hili neno protini. Watu wakisikia protini wanaona maharage na mayai. Mwilini protini ni maelfu ya vifaa, kila kimoja na kazi yake, kuna inayobeba oksijeni kuna inayogandisha damu ukijikata kuna inayokata wanga mdomoni. PCSK9 ni kifaa kimoja katika hivyo, mnyororo wa asidi amino 692, ini ndo linaitengeneza kwa wingi na kuimwaga kwenye damu. Haitoki kwenye sahani.

Sasa kazi yake. Kolesteroli ni kitu cha mafuta, kwenye damu haiwezi kuelea peke yake, inasafirishwa kwenye vifurushi, na LDL ni kifurushi kimojawapo. Ini ndo linaloviondoa hivyo vifurushi kwenye damu, seli zake kwa nje zina vipokezi vya kuvidaka. Kama umewahi kukaa bandarini pale kwenu Tanga umeona makuli: kuli anadaka gunia, anazama nalo ghalani, analibwaga, anarudi mlangoni mikono mitupu anadaka jingine. Kipokezi cha LDL ndo hivyo hivyo. Safari moja kama dakika 10, na kinaishi kama saa 20, piga hesabu mwenyewe ni safari zaidi ya 100 kwa kipokezi kimoja kabla hakijachoka.

Kinachofanya gunia libwagwe ni asidi. Kile kifuko kinachozama na kipokezi ndani ya seli kinaingiwa na asidi, kipokezi kinajikunja, LDL inaachia, kipokezi kinarudi juu. PCSK9 sasa inakuja inakidaka kipokezi kule nje, na balaa lake ni kwamba kwenye asidi wenzake wakiachia yenyewe ndo inazidi kukaza. Kipokezi kinashindwa kujikunja, hakirudi mlangoni, kinapelekwa pamoja na mzigo kwenye lisosomu, kule ndo seli inakoyeyushia taka zake. Kuli kasagwa na gunia lake.

Makuli wakipungua mlangoni magunia yanalundikana nje, na nje ndo kwenye mishipa yako ya damu. Hiyo sindano ya dada ako ni kingamwili, inaikamata PCSK9 ikiwa bado kwenye damu haijafika kwa kipokezi. Ndo maana nasema hawaui protini ya mwili ovyo, wanamzuia anayesaga makuli.

Swali langu kwako: jibinye nyuma ya kisigino, ule mshipa mgumu unaopanda kwenda kwenye kigimbi. Mwembamba kama kamba au umenenepa una vinundu? Na mzee alikuwaje?

Mtoto wa Makorora:
Mkuu Pipeti nimekuelewa kuliko miaka yote ya biolojia ya sekondari, Mungu akuweke.

Nimejibinya. Wa kushoto uko kawaida, wa kulia kuna kitu kama punje ya mhindi, haiumi, nilidhani ni ya mpira. Nimempigia bi mkubwa sasa hivi, kanyamaza kidogo akaniambia baba yako viatu vya kufunika alikuwa hawezi, visigino vilimvimba nyuma tangu anamuoa, ndo maana alikuwa mtu wa ndala. Na macho alikuwa na duara la kijivu kuzunguka ile nyeusi, wakimtania macho ya paka. Nimeishiwa nguvu.

Ila kuna kitu bado. Kama hii PCSK9 kazi yake kusaga makuli, tumewekewa ya nini sasa?

Pipeti:
Duara la macho na visigino mkuu ni kolesteroli ile ile imejikusanya, na mtu wa chini ya miaka 45 kuwa navyo vyote viwili ni alama ya ugonjwa wa kurithi wa kolesteroli kubwa. Hii sio kurogwa. Nitarudi hapo.

Tumewekewa ya nini. Kolesteroli sio takataka, bila hiyo utando wa seli unalegea, homoni za uzazi hazitengenezwi, vitamini D haipatikani. Lakini ikizidi ndani ya seli ni sumu. Kwa hiyo seli ina kipimo chake, na hicho kipimo ndo kitu kitamu kuliko vyote nilivyosoma chuoni, nikikieleza mke wangu anasinzia ila leo nimepata wa kumweleza.

Kuna protini inaitwa SREBP-2 imefungwa kwenye utando ndani ya seli, haina uhuru. Imeshikana mkono na nyingine inaitwa SCAP. Kolesteroli ikiwa ya kutosha, SCAP inashikwa na ya tatu inaitwa INSIG, wote wanakaa hapo hapo hawaendi popote. Kolesteroli ikipungua kwenye ule utando INSIG inaachia, SCAP anamsindikiza mwenzake mpaka sehemu ya seli inaitwa Golji, huko kuna mikasi miwili, wa kwanza unakata wa pili unamalizia, kipande kilichokatwa kinaenda kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni. Anawasha za kutengeneza kolesteroli mpya, anawasha ya vipokezi vya LDL ili vije vingi kudaka, na hapo hapo kwa swichi ile ile anawasha na ya PCSK9.

Yaani anayeajiri makuli ndo huyo huyo anayemuita msagaji. Mimi naiona kama breki, seli ikiagiza sana isije ikapitiliza. Kwa mtu wa kawaida breki inakaa sawa.

Na hii ndo inaeleza vidonge vya dada ako. Vitakuwa ni statini, hizo zilianza na Mjapani Akira Endo miaka ya 1970, alizitoa kwenye ukungu, jamaa alipekua ukungu wa maelfu mpaka akaipata. Statini inazuia ini kutengeneza kolesteroli, ini linajiona lina njaa, SREBP-2 inakatwa, vipokezi vinaongezeka, LDL inashuka, safi kabisa. Ila PCSK9 nayo si inapanda? Inapanda. Ndo moja ya sababu ukizidisha dozi ya statini mara mbili LDL inashuka kama asilimia 6 tu zaidi, watu wanashangaa mbona nimeongezewa na haishuki. Ukiweka statini na sindano pamoja unaajiri na huku umemfunga msagaji.

Sina Presha:
Haya yote mazuri ila ni ya kwao. Hizo dawa wanapimana wao kwa wao, sie Waafrika damu zetu nyingine. Na kolesteroli ukiishusha sana ubongo si unakauka? Ubongo ni mafuta.

Mjukuu wa Hesabu:
Mkuu Sina Presha umegusa penyewe, ila majibu yako upande mwingine kabisa na unavyodhani. Nasomea takwimu za afya, hii stori tulifundishwa darasani.

2003 kule Montreal timu ya Nabil Seidah ilikuwa imeipata hii protini ikaiita NARC-1, walidhani inahusu seli za ubongo. Mwaka ule ule Paris, Marianne Abifadel na Catherine Boileau walikuwa na familia za Kifaransa zenye kolesteroli kubwa ya kurithi, jeni mbili zinazojulikana wamezipima ziko safi, wakaenda kuikuta shida kwenye hii ya tatu. Kwa zile familia PCSK9 inafanya kazi kupita kiasi.

Sasa Dallas, Texas. Pale ndo chuo cha Brown na Goldstein waliopata Nobeli 1985 kwa kazi ya kipokezi cha LDL. Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa chuo hicho hicho wakajiuliza swali la kinyume, je kuna watu ambao yao imekufa? Wakaenda kutafuta kwenye watu wenye LDL ya chini sana. Unajua waliwakuta kwa nani? Weusi. Ripoti yao ya 2006, Wamarekani weusi 3,363, asilimia 2.6 wana nakala moja ya jeni ya PCSK9 iliyokatika. LDL yao iko chini kwa asilimia 28. Wakafuatiliwa miaka 15, ugonjwa wa mishipa ya moyo umepungua kwa asilimia 88. Rudia kusoma, 88. Na presha, sukari na sigara wanazo kama watu wengine. LDL imekuwa chini tangu wamezaliwa, mishipa haikupata nafasi ya kuziba.

Kuhusu ubongo kukauka. Dallas hapo hapo alipatikana mama mmoja ambaye kwenye damu yake PCSK9 haionekani kabisa, nakala zote mbili mbovu. LDL yake 14 kwa vipimo vyao, yaani huku kwetu 0.36. Mzima wa afya, kasoma chuo, anazaa. Na mwaka uliofuata ikaandikwa ya binti wa Zimbabwe, naye nakala zote mbili, LDL 0.4, mzima kama sisi. Ubongo unajitengenezea kolesteroli yake wenyewe, LDL ya kwenye damu haivuki kuingia kule. Kwa hiyo hii dawa wameitoa kwa kuangalia miili ya watu weusi ilivyo, sio kinyume chake. Kinachoniuma mimi ni kwamba dawa ilipotoka Marekani 2015 ilikuwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka, mpaka 2018 ndo wakaishusha ikawa chini ya nusu, na hiyo nusu bado nani huku anaiweza.

Sina Presha:
Zimbabwe tena. Haya nimekaa.

Kibatari:
0.4!!! mimi 0.4 ni salio langu

Binti Seif:
Asalaam aleykum. Mimi ni nesi Muscat, hizi sindano nazitoa kliniki wiki zote, kwa kweli kabla ya uzi huu nilikuwa nachoma tu bila kuijua stori ya makuli.

Mdogo wangu wa Makorora usimuonee huruma dada ako, ni kitu kidogo mno. Ni kama kalamu ya insulini ila nene. Unaitoa kwenye friji, unaiacha mezani nusu saa, watu wasiosubiri ndo wanaolalamika inachoma maana dawa bado ya baridi. Usiitikise. Unaibana tumboni mbali na kitovu au pajani, unabonyeza, unasikia ka! halafu unahesabu mpaka 15 hivi kadirisha kake kanageuka njano, basi imekwisha. Nina mzee mmoja wa Kizanzibari hapa anakuja na mkewe, mke ndo anahesabu kwa sauti, yeye anafumba macho kama anakatwa mguu.

Ipo na nyingine, Leqvio, hiyo haikamati protini kwenye damu, inaenda kwenye ini na kuharibu ule ujumbe wa kuitengeneza PCSK9 kabla haijatengenezwa. Unachomwa leo, unarudi baada ya miezi 3, kisha kila miezi 6. Wagonjwa wangu wasafiri wanaipenda hiyo. LDL inashuka kama nusu.

Ila hata huku haianzi sindano jamani. Inaanza atorvastatini, ndo mojawapo ya hizo statini, halafu kidonge kingine ezetimibe, sindano ni ya mwisho. Nawaona watu wanataka kuruka kidonge cha bei ndogo kinachofanya kazi kubwa kwa sababu wameskia kuna sindano ya kisasa. Na wewe mdogo wangu umeambiwa punguza mafuta urudi miezi 3, hapana, wewe na historia hiyo ya baba usisubiri miezi 3.

Pipeti:
Da Binti Seif umenisaidia, nilikuwa narudi kwenye hilo.

Mkuu nisikilize. LDL ikivuka 4.9 kwa mtu mzima na mzazi kaondoka kwa moyo mapema hivyo, lazima ufikiriwe ule ugonjwa wa kurithi. Sio wa ajabu, ni kama mtu 1 kati ya 250 au 300. Na usije ukaenda kwa daktari ukamwambia PCSK9 yangu mbovu. Wengi sana wenye huu ugonjwa shida iko kwenye jeni ya kipokezi chenyewe, yaani umezaliwa na nusu ya makuli, wenye shida ya PCSK9 kama wale Wafaransa ni wachache mno. Lakini sindano inasaidia huko huko, maana makuli wachache ulionao hawasagwi.

Na kila mtoto wa mzee ana nusu kwa nusu ya kuwa nayo, ni kama kurusha shilingi. Mko wangapi? Na wewe una watoto?

Mtoto wa Makorora:
Tuko watano. Mimi nina mmoja, miaka 6.

Tabibu Mtaa:
Mimi sijasema asiende hospitali, nimesema na mlonge.

Mtoto wa Makorora:
Wakuu mrejesho, samahani nimekaa kimya wiki 2.

Nilienda kliniki nyingine nikiwa na karatasi yangu na maelezo ya mzee nimeyaandika kwenye simu. Daktari dada mdogo tu, kanibinya visigino vyote viwili bila hata mimi kumwambia, kachukua tochi kaangalia macho. Kanianzishia atorvastatini siku ile ile, narudi wiki ya 6 kupima tena na ini. Kipimo cha moyo cha umeme kimetoka kawaida alhamdulillah. Kaniambia mtoto naye nimlete.

Tulioko huku ni wanne, tumepimwa watatu. Mimi hiyo 6.0. Mdogo wangu wa kike 2.4, kalia kwa furaha mpaka mtu wa maabara kacheka. Anayenifuata 5.7. Kaka mkubwa ndo kagoma, anasema yeye anajisikia vizuri na karatasi haziwezi kumwambia kitu. Ana miaka 43.

Jana nikaenda kwake bila kusema neno la hospitali. Alikuwa amekaa kibarazani anatengeneza pampu, miguu peku. Nikaviangalia visigino vyake, nikaenda kumuita bi mkubwa, nikamwambia mama njoo tu ukae na kaka hapa barazani. Bi mkubwa kaviona mwenyewe. Hakusema kitu mpaka alipomaliza chai, ndo akamwambia kesho unanipeleka hospitali, mimi naumwa.

Leo asubuhi wameondoka naye kwenye bajaji. Mama haumwi.

Binti Seif:
Mama huyo!! Tuletee namba ya kaka ikitoka.

Kibatari:
Kambi bado ipo.

Mtoto wa Makorora:
Imetoka. 7.1. Kaanza kidonge leo usiku, kakimeza mbele ya bi mkubwa. Na kaniuliza mwenyewe, hivi ile familia ya sokoni bado wanakaa pale pale?